Mwalimu Mgeni katika Jumba la Mfalme wa Siam

Wazee wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno hili twalipenda, na twalitumia mara nyingi tunapompokea padri mpya au mjumbe kutoka mbali. Lakini mara chache twafikiri juu ya siku ile nyingine, siku mgeni anapofunga mizigo yake na kurudi kwao. Huko kwao ataulizwa habari. Atasema nini juu ya nyumba iliyomlisha? Atasadikiwa, kwa sababu yeye alikuwako, na wale wanaomsikiliza hawakuwako. Na mwenyeji hayupo pale kujibu.

Leo twataka kuwaeleza maisha ya mwanamke mmoja aliyekuwa mgeni wa namna hiyo. Jina lake ni Anna Leonowens. Tangu mwaka 1862 mpaka mwaka 1867 alifundisha watoto na wake za mfalme wa Siam, nchi ya Asia ambayo siku hizi yaitwa Tailandi. Habari zake zimeandikwa vitabuni, zimeimbwa jukwaani, zimeonyeshwa katika sinema dunia nzima. Padri mmoja rafiki yetu ndiye aliyetuazima kitabu cha kwanza juu yake. Tulikisoma usiku kwa usiku, kwani kazi yake yafanana na yetu sisi makatekista: kufundisha watoto wa watu wengine, katika nyumba isiyo yetu.

Mfalme aliyemwita

Wengi wanaosimulia habari hizi huanza na mwalimu. Sisi twaanza na mfalme, maana nyumba ni yake.

Mfalme huyo aliitwa Mongkut. Alizaliwa mwaka 1804. Alipofika umri wa miaka 20, mwaka 1824, aliingia utawa wa dini ya Buddha kama desturi ya vijana wa kwao. Mara baba yake akafa, na ufalme ukachukuliwa na kaka yake wa mama mwingine. Mongkut hakupigana. Akabaki mtawa miaka 27. Alinyoa kichwa, akavaa nguo ya manjano, akaomba chakula asubuhi kwa bakuli kama watawa wenzake. Katika miaka hiyo alisoma sana, akatembea kwa miguu katika nchi, akawajua watu wake jinsi wafalme wachache wanavyowajua.

Jirani na nyumba yake ya utawa mjini Bangkok palikuwa na kanisa la Wakatoliki. Hapo alikaa Askofu Jean-Baptiste Pallegoix, mmisionari Mfaransa. Hao wawili wakawa marafiki. Askofu alimfundisha Mongkut Kilatini, na Mongkut akamfundisha Askofu Kipali, lugha ya vitabu vitakatifu vya Wabuddha. Sisi tuliokaa seminari twajua uzito wa Kilatini: asubuhi majina, jioni vitenzi, na mwalimu akikutazama usingizi hukimbia. Twapenda kuwafikiri wale watu wawili wazima, mmoja na msalaba kifuani, mwingine na nguo ya manjano, kila mmoja mwalimu leo na mwanafunzi kesho. Mwaka 1854 Askofu alitoa kamusi kubwa ya lugha ya Kisiam pamoja na Kilatini, Kifaransa na Kiingereza. Alipokufa mwezi wa Juni 1862, mfalme alimpa heshima kubwa katika maziko yake.

Kiingereza Mongkut alikipata kwa wamisionari Waprotestanti wa Marekani. Alijifunza pia elimu ya nyota na hesabu zake. Basi alipoitwa kutawala mwaka 1851, hakuwa mtu mjinga aliyengoja kufumbuliwa macho na mgeni. Mwaka 1855 alifanya mkataba wa biashara na Waingereza, kwani aliona jinsi nchi jirani zilivyomezwa moja baada ya nyingine. Mwaka 1861 aliandika kwa Rais wa Marekani akisema yuko tayari kumpelekea tembo wazae huko na kuwasaidia watu kazi. Rais Lincoln alimjibu mwaka 1862, akamshukuru kwa adabu, akasema nchi yake haifai kwa tembo na kazi zao hufanywa kwa mashine za mvuke. Watu hucheka habari hiyo. Sisi hatuoni la kuchekesha: mfalme alitoa kile kilichokuwa na faida katika nchi yake.

Kuanzia mwaka 1851 wanawake watatu wa misioni ya Waprotestanti waliingia jumbani kufundisha wake za mfalme. Wakafundisha pamoja na Kiingereza dini yao, na baada ya miaka mitatu hivi mlango ukafungwa. Kwa hiyo, alipotaka mwalimu mpya, Mongkut aliandika sharti wazi katika barua ya mwezi wa Februari 1862: mwalimu afundishe Kiingereza na elimu, asiwageuze watoto dini.

Pengine msomaji Mkristo atachukizwa na sharti hilo. Sisi tulilifikiri hivi: mlango ukifunguliwa kwa sharti, anayeingia huingia pamoja na sharti. Neno lililotolewa ni deni. Askofu Pallegoix alikuwa rafiki wa Mongkut miaka mingi, na Mongkut alikufa katika dini yake ya Buddha. Hata hivyo Wakatoliki wa Siam walikaa kwa amani chini ya utawala wake. Urafiki wa kweli huzaa matunda hata pale usipozaa ubatizo.

Mwalimu aliyekuja

Tan Kim Ching, mfanyabiashara Mchina wa Singapore aliyekuwa wakili wa Siam mjini humo, ndiye aliyetafuta mwalimu. Alimpata mjane mmoja aliyekuwa na shule ndogo ya watoto wa maofisa Waingereza. Mjane huyo alisema hivi juu yake mwenyewe: kwamba alizaliwa Wales mwaka 1834, kwamba baba yake alikuwa kapteni wa jeshi, na kwamba mumewe, meja wa jeshi, alikufa kwa ukali wa jua baada ya kuwinda chui milia. Watu wakasadiki. Wakasadiki zaidi ya miaka mia.

Halafu Mwingereza mmoja, W. S. Bristowe, mtaalamu wa buibui, alianza kutafuta habari za mtoto wa Anna, Louis. Akatazama daftari za vizazi, hakuona alichotazamia. Akaendelea kutafuta, na mwaka 1976 akatoa kitabu. Kumbe Anna alizaliwa Uhindi, katika Ahmednagar, mwaka 1831. Baba yake, Thomas Edwards, alikuwa sajini, wala hakumwona mtoto wake: alikufa kabla hajazaliwa. Mama yake alikuwa binti wa ofisa Mwingereza, na yaelekea bibi yake mzaa mama alikuwa mwenyeji wa Uhindi au chotara. Mume wake hakuwa meja. Alikuwa karani, na alikufa Penang mwaka 1859 akiwa msimamizi wa hoteli. Walikuwa wamezaa watoto wanne; wawili walikufa wangali wadogo, wakabaki msichana Avis na mvulana Louis.

Tusiharakishe kumhukumu. Katika miji ya Waingereza wakati ule, mjane mwenye damu ya Kihindi hangepewa watoto wa maofisa awafundishe. Lango lilikuwa limefungwa kabla hajabisha hodi. Alikuwa na watoto wawili wa kulisha, tena hakuwa na mali. Basi akajitengenezea ukoo mwingine. Uongo ni uongo, nasi hatuuiti jina jingine. Lakini sehemu ya dhambi hiyo ni ya wale waliofanya uzazi wa mtu kuwa hati ya kupatia mkate.

Alimpeleka Avis shuleni Uingereza, akamchukua Louis, mtoto wa miaka mitano, wakafika Bangkok mwezi wa Machi 1862.

Kazi ya jumbani

Boma la ndani la mfalme lilikuwa kama mji ndani ya mji. Waliokaa humo ni wanawake: wake na masuria wa mfalme, binti zake, watumishi, watumwa, hata walinzi walikuwa wanawake. Watoto wa Mongkut waliozaliwa kwa jumla walifika 82. Si wote waliokuwa darasani kwa wakati mmoja, wala si wote waliopenda kusoma. Kila mwalimu ajua hayo. Wako waliokuja kwa hamu, wako waliokuja kutazama sura ya mgeni tu.

Miongoni mwa wanafunzi alikuwamo Chulalongkorn, mtoto wa miaka minane, ambaye baadaye alirithi ufalme. Alikuwamo pia bibi mmoja wa jumbani, Son Klin. Anna asema kwamba bibi huyo alisoma kitabu cha Harriet Beecher Stowe juu ya mateso ya watumwa wa Marekani, akakipenda mno, akawaachilia huru watumwa wake mwenyewe. Tena alipoandika barua alitia jina la Bibi Stowe karibu na jina lake. Ikiwa habari hiyo ni kweli jinsi ilivyoandikwa, basi katika miaka yote mitano hakuna somo lililokwenda mbali kuliko hilo.

Mfalme alimtumia Anna pia katika kuandika barua zake za Kiingereza. Hapo ndipo walipogongana mara nyingi. Mfalme alikuwa na hasira za ghafula, aliita watu saa yoyote, alitaka kazi imalizike mara moja. Anna naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Aligombana juu ya nyumba aliyoahidiwa nje ya jumba, akagombana juu ya mshahara, akawaombea watumwa na wanawake waliopatwa na adhabu. Mara nyingine mfalme alikasirika, mara nyingine alikubali. Mfalme anayekubali kubishana na mwalimu wa kike mgeni, naye hamfukuzi kwa miaka mitano, si yule mfalme wa sinema anayepiga kelele na kukanyaga sakafu.

Vitabu viwili

Mwaka 1867 Anna aliondoka kwa likizo, kwa kuwa afya yake ilikuwa imepungua. Kabla hajarudi, habari ya msiba ikafika. Mongkut alikuwa amepiga hesabu ya kupatwa kwa jua tarehe 18 Agosti 1868, akawaalika wageni wa Ulaya waje kuona pamoja naye mahali paitwapo Wa Ko. Jua lilipatwa kama alivyohesabu. Lakini mahali pale palikuwa na homa ya malaria. Mfalme na mwanawe wakaugua. Mongkut akafa tarehe 1 Oktoba 1868. Chulalongkorn akapona, akawa mfalme akiwa na miaka 15. Mfalme mpya hakumwita mwalimu arudi.

Anna akaenda Marekani. Akafungua shule, akatoa hotuba, na mwaka 1870 akachapisha kitabu cha kwanza juu ya miaka yake ya Siam. Mwaka 1873 akachapisha cha pili. Katika vitabu hivyo kuna mambo ya kweli. Utumwa ulikuwapo Siam. Mwanamke aliyetolewa na wazazi wake awe suria wa mfalme hakuulizwa moyo wake. Kusema hayo si kosa. Lakini Anna hakuishia hapo. Alisimulia gereza la chini ya ardhi, wakati ardhi ya Bangkok yajaa maji ukichimba kidogo tu. Alisimulia suria mmoja, Tuptim, aliyeteswa na kuchomwa moto pamoja na mtawa kwa amri ya Mongkut. Wataalamu waliotafuta ushahidi wa habari hiyo hawakuupata. Tena mfalme huyohuyo alikuwa ametoa ruhusa kwa masuria wasiozaa naye waondoke wakitaka, waolewe na wengine. Neno hilo halikufaa kwa hadithi ya kutisha.

Halafu wakaja wengine wakaongeza. Mwaka 1944 Bibi Margaret Landon, Mmarekani aliyekuwa mmisionari wa Kiprotestanti huko Siam, aliziunganisha habari za Anna katika kitabu kimoja. Mwaka 1951 kikafanywa mchezo wa nyimbo huko New York, na mwaka 1956 sinema. Katika Tailandi sinema hiyo ilikatazwa, na nyingine ya mwaka 1999 ikakatazwa pia. Mwaka 1948 ndugu wawili wa huko, Seni na Kukrit Pramoj, waliandika kitabu ili mfalme Mongkut naye asikilizwe. Ni watu wangapi katika dunia waliosoma kitabu chao? Wachache mno, ukilinganisha na wale walioimba nyimbo za mchezo.

Mbona jambo hili latugusa

Sisi makatekista hutumwa mara nyingi katika vijiji ambako hatukuzaliwa. Watu hutupa nyumba, sehemu ya shamba, na kuku siku ya Noeli. Baada ya miezi michache twajua mengi: nyumba gani ina deni, mume gani ampiga mkewe, mzee gani huenda kwa mganga usiku. Tukikutana na wenzetu misioni, twaulizwa: Je, watu wako hawajambo? Kila mmoja wetu ajua ladha ya hadithi inayochekesha wenzake. Chumvi kidogo, halafu chumvi tena, na kijiji kizima kimekuwa kichekesho mezani.

Katika kijiji kimoja tulipofundisha, mgeni mmoja alikuja, akakaa majuma mawili. Watu wakampa kitanda kilichokuwa kizuri kuliko vyote. Mama mmoja mzee alimpikia kila siku na kumchemshia maji ya kuoga. Baadaye tulipata kuona alichoandika. Alieleza njaa, uchafu, na watu wasiojua kujisaidia. Kisima walichochimba wenyewe kwa mikono hakukitaja. Tukawasomea wazee maandiko yake, kwani walituomba. Wakanyamaza. Yule mama peke yake akauliza: “Je, ameandika kwamba nilimpikia?” Hatukuwa na jibu la kumpa.

Katika mafundisho ya amri ya nane twatenga makosa mawili. Kusengenya ni kufunua bila haja kosa la kweli la mwenzako. Kusingizia ni kumtwisha kosa asilolitenda. Kosa la pili ni baya kupita la kwanza, na yote mawili yadai malipo. Aliyeiba mbuzi arudishe mbuzi. Aliyeiba jina jema arudishe jina jema. Lakini atalirudishaje, ikiwa neno limekwisha kuvuka bahari? Mbuzi hufungwa kamba, neno halifungwi. Mongkut alikuwa amekufa miaka miwili kitabu cha kwanza kilipotoka, asiweze kujibu hata kwa barua moja ya Kiingereza chake.

Na hapa twaona jambo lililotuuma zaidi katika maisha ya Anna. Siri ya nyumba yake mwenyewe aliificha mpaka kaburini: kambi ya askari alikozaliwa, bibi yake wa Uhindi, mumewe karani. Alijua vizuri jinsi dunia inavyomhukumu mtu kwa habari za nyumbani kwake. Lakini nyumba iliyompa mkate alipokuwa mjane hakuisitiri vile. Alitaka kusitiriwa, hakutaka kusitiri. Yawezekana alikuwa na dhiki, yawezekana wachapaji walitaka mambo ya kutisha. Hata hivyo, mtu anayejua uchungu wa kidonda ndiye angepaswa kuwa mwangalifu na kidonda cha mwenzake.

Matunda

Tusimwache Anna hapo, kwani tutakuwa tumemfanyia yale aliyomfanyia mfalme. Alifanya kazi mpaka uzeeni. Alikwenda Kanada kukaa na Avis, na mwaka 1887 alikuwa miongoni mwa walioanzisha shule ya sanaa mjini Halifax, ambayo siku hizi ni chuo kikuu. Alitetea haki ya wanawake kupiga kura. Akafa Montreal tarehe 19 Januari 1915. Louis alirudi Siam, akawa ofisa wa askari wa farasi wa mfalme, kisha akaanzisha biashara yake huko.

Na Chulalongkorn? Mwaka 1873 aliondoa desturi ya watu kulala kifudifudi mbele ya mfalme. Tangu mwaka 1874 alianza kupunguza utumwa hatua kwa hatua, mpaka mwaka 1905 ukafutwa. Anna alipenda kufikiri kwamba ni mbegu yake. Huenda punje moja ilikuwa yake. Lakini shamba lilikuwa limelimwa na baba wa mtoto, mtawa wa miaka 27, na walimu wengine walipita kabla yake na baada yake. Hakuna mwalimu awezaye kusema: mtoto huyu ni kazi yangu peke yangu.

Mwaka 1897 Chulalongkorn alisafiri Ulaya, na huko London akampokea mwalimu wake wa zamani. Mfalme alikuwa mtu wa miaka 43, bibi alikuwa na zaidi ya 65. Vitabu viwili juu ya baba yake vilikuwa kati yao. Alimpokea hata hivyo. Twaona hapo adabu ya mwenyeji, ambayo haikuisha hata baada ya mgeni kusema.

Basi, ndugu walimu, makatekista, na ninyi nyote mnaosafiri na kukaa katika nyumba za watu: tukiona uovu mkubwa, tuseme kwa yule awezaye kuuondoa, na tuseme kadiri ya kweli. Yaliyobaki tuyaache ndani ya nyumba. Na tukiulizwa habari za kijiji, tuanze na yule aliyetupikia.